Namna ya Kumjua Mbeba Mpira Aliyefundwa

Ukitazama futiboli ya Kimarekani, macho huvutwa na mbio za mbeba mpira: chenga zake, nguvu za mapaja, yadi alizojipatia. Ningependa utazame kiwiko chake. Kiwiko kikiachana na mbavu, hata kwa upenyo wa kupitisha ngumi tu, mpira huo umeshawekwa rehani, adondoshe siku hiyo asidondoshe.

Mshiko unaofaa ni huu. Ncha moja ya mpira inafunikwa na vidole vilivyotanuliwa, viwili kati yao vikiibana ncha yenyewe. Kiganja kimeshika ubavu wa mpira, kigasha kimeulalia kwa urefu, ncha ya pili imezama kwenye kunjo la kiwiko, na mpira wote umegandamizwa kifuani. Makocha huzikagua sehemu hizo tano moja baada ya nyingine. Mimi huanzia mwisho, kifuani, kwa sababu vijana hujifunza vidole upesi lakini wakishika kasi mkono huanza kupunga wenyewe. Anayeuning'iniza mpira kama kikapu cha sokoni anamrahisishia kazi beki anayekuja kwa nyuma, ambaye yeye mwenyewe hamwoni.

Kimo nacho kina maana. Kifundo cha mkono kiwe juu ya kiwiko. Tiki Barber wa New York Giants alidondosha mpira mara 9 mwaka 2002, na mara 9 tena mwaka 2003. Mwaka 2004 akaja kocha Tom Coughlin. Yeye na Jerald Ingram, kocha wa wakimbiaji, wakambadilishia mshiko: mpira usimame wima, juu, ubane kifua. Mwaka 2005 Barber, akiwa na umri wa miaka 30, alikimbia yadi 1,860 na kudondosha mara moja tu. Wapo wanaoamini kwamba mikono milegevu mtu huzaliwa nayo. Mimi sikubali, na Barber ndiye shahidi wangu.

Kisha angalia mpira uko mkono gani. Uwe upande wa mbali na mabeki, na mbebaji akiingia kwenye msongamano, mkono wa pili uje kuufunika kabla hajaguswa. Akiuleta baada ya kuguswa, amechelewa. Charles Tillman wa Chicago Bears alikuwa akimkaba mtu kwa mkono mmoja huku mwingine ukiupiga mpira ngumi. Msimu wa 2012 alisababisha mipira 10 kudondoka. Ngumi ya namna hiyo haisubiri mtu ajipange.

Pahali pagumu kuliko pote ni karibu na mstari wa goli, ambapo tamaa ya kufunga hufungua mkono. Januari 1988 Earnest Byner wa Cleveland Browns, aliyekwisha kufunga mara mbili katika mechi hiyo, alibakiza yadi chache tu kuisawazishia timu yake dhidi ya Denver Broncos. Jeremiah Castille akamchomoa mpira. Browns walifungwa 38 kwa 33, na mechi nzuri aliyoicheza Byner haikumbukwi sana hadi leo.

Hesabu ya mechi moja haikuambii kitu, maana mkono mlegevu unaweza kubahatika Jumapili nzima. Ya miaka inasema: BenJarvus Green-Ellis alikaa na New England Patriots misimu minne, 2008 hadi 2011, bila kudondosha hata mara moja.

Ukipata nafasi ya kwenda mazoezini, nenda mwishoni, miguu ikiwa imechoka. Kocha anayeijua kazi yake atakuwa ameulowesha mpira kwa maji, atawapitisha wakimbiaji katikati ya safu mbili za wenzao wanaoupiga na kuuvuta, na ataendelea kuupigapiga hata mtu akiwa anaanguka, kwa kuwa mipira mingi huponyoka wakati mbebaji anatafuta yadi moja ya ziada huku magoti yameshaanza kukunjika. Mtazame kijana anapogusa nyasi: je, anautandaza mkono kujikinga, au anaangukia bega na mpira bado uko kifuani?