Maneno na Uso wa Msikiaji: "Fences" Katika Sinema

Mchezo wa kuigiza wa August Wilson uitwao Fences, uliopewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1987, ulifanywa sinema mwaka 2016 na Denzel Washington, ambaye ndiye pia mwigizaji wake mkuu. Wako walioilaumu sinema hiyo kuwa ni jukwaa lililopigwa picha tu, kwa kuwa watu wake husema sana na kutenda kidogo. Lawama hiyo yafaa ichunguzwe, maana yachukulia kwamba kusema si kutenda.

Habari ni za Troy Maxson, mzoa taka mweusi wa Pittsburgh katika miaka ya 1950, na nyingi hutokea uani kwake. Mwanawe Cory amwuliza mbona hakupendezwa naye kamwe. Troy amhesabia wajibu aliomtimizia, chakula na malazi, huku akimshurutisha kuitikia kwa neno la heshima. Hapa mfasiri wa Kiswahili ajihadhari. Neno letu "kupenda" hubeba mambo mawili ambayo Kiingereza huyatenga: kuwa na mapenzi kwa mtu, na kupendezwa naye. Cory auliza hilo la pili. Tukitia "kupenda" pasipo kufikiri, baba ataonekana kuwa amekana mapenzi yote, wala sivyo alivyosema.

Jukwaani mtazamaji hujichagulia pa kutazama. Katika sinema huchaguliwa. Rose, mkewe Troy, aambiwapo kuwa mumewe atapata mtoto kwa mwanamke mwingine, twautazama uso wa Viola Davis, tukayaona maneno yakifika kabla hajayajibu. Troy alalamika kwamba kwa miaka 18 amesimama mahali pamoja. Rose amkumbusha kuwa naye alisimama papo hapo. Picha haikuongeza neno, bali imeonyesha lilipoangukia.

Kasoro iko mwishoni. Siku ya maziko ya Troy, nduguye Gabriel, aliyejeruhiwa kichwani vitani, apuliza tarumbeta ili milango ya mbinguni ifunguliwe. Katika mchezo tarumbeta haitoi sauti, naye Gabriel aanza kucheza polepole. Katika sinema nuru ya jua yapenya mawinguni. Pale ambapo mwili wa mtu ulitosha, mbingu imeitwa kutoa ushahidi.

Basi atakaye kuigeuza michezo yetu kuwa sinema asiyaogope maneno. Na atafute kwanza ni nani anayeyasikia.