Chumvi ya Uvinza na hesabu ya joto

Misafara iliyotoka Tabora kwenda Ujiji ilipita Uvinza, nchi ya Mto Ruchugi na Malagarasi, na chumvi ya hapo ilisambaa Unyamwezi kote. Wanaakiolojia waliochimba huko 1967 waligundua kuwa imepikwa kwa miaka ipatayo 1,500. Kiangazi kilipofika watu walipiga kambi, wakateka maji ya chumvi visimani, wakayachemsha vyunguni hadi yakauke. Ujuzi walikuwa nao. Gharama kubwa ilikuwa kuni.

Tupige hesabu. Tuseme maji hayo yana chumvi asilimia 15. Ili kubaki na kilo 1 ya chumvi, karibu kilo 6 za maji lazima ziwe mvuke, na kila kilo inadai megajuli 2.6 hivi. Kuni kavu hutoa megajuli 15 kwa kilo, lakini moto wa mafiga hufikisha chunguni labda sehemu moja katika saba. Kilo 1 ya chumvi, basi, inakula takriban kilo 7 za kuni.

Deni hilohilo la kuni linalipwa leo na miombo ya Urambo, Kaliua na Sikonge mkoani Tabora, kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia tumbaku ya mvuke. Jani huanza kukaushwa kwenye nyuzi 35 na kumalizia kwenye 70 hivi. Ni joto dogo, nalo linatolewa na magogo!

Jotoardhi ndilo hasa linaloweza kazi kama hiyo. Huko Kiabukwa, Katanga, mtambo wa 1952 ulitumia maji ya nyuzi 91 ukatoa megawati 0.2 tu za umeme, kwa kuwa maji yasiyofikia nyuzi 100 hugeuza chini ya sehemu moja ya kumi ya joto lake kuwa umeme. Yakipitishwa kwenye kikaushio, sehemu kubwa ya joto hilo hutumika. Wakulima wa Eburru nchini Kenya wamekausha pareto kwa mvuke wa ardhini kwa miongo mingi, na shamba la maua la Oserian, Naivasha, lilipasha nyumba za mimea kwa kisima cha jotoardhi.

Tabora yenyewe haina bahati hiyo. Imekaa juu ya mwamba mkongwe wa zaidi ya miaka bilioni 2, nalo Bonde la Ufa limeuzunguka mashariki na magharibi bila kuupasua. Maji ya moto hayasafiri mbali bila kupoa, kwa hiyo mabani yanahitaji majiko bora na miti ya kupandwa, si ahadi za mvuke wa ardhini.

Kusini magharibi hali ni nyingine: Majimoto ya Katavi ina chemchemi za moto katikati ya mashamba ya mpunga. Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, iliyoanzishwa 2013, imeelekeza nguvu zaidi kwenye umeme wa Ngozi, Mbeya, na ni sawa. Lakini ipime pia chemchemi za Majimoto kwa ajili ya kukausha mpunga, na iwaonyeshe wakulima majibu.