Njia Isiyotokea

Usiku sisi wa Uvira huziona taa za Bujumbura ng'ambo ya ziwa. Huko ndiko alikokulia Gabriel, mtoto wa kitabu cha Gaël Faye, Petit Pays, yaani Nchi Ndogo, kilichotoka mwaka 2016. Baba ni Mfaransa, mama mkimbizi wa Rwanda. Nyumba yao imo katika njia isiyotokea. Kwanza njia hiyo ni kiota. Baada ya mwaka 1993 ikageuka mtego, na rafiki zake wakamtaka achague upande. Jirani Mgiriki alimpa vitabu, akapata dirisha. Lakini baba alikuwa amemkataza habari za siasa; siku aliposhurutishwa kuua, hakuwa na neno la kukataa. Hapo twajifunza: ukuta humficha mtoto, haumfundishi yeye ni nani. Wazazi, tuseme nao mapema.