Meza ya Mgeni: Uhakiki wa Huduma katika Hoteli Zetu Kubwa

Tunapoutaja utamaduni wa taifa, aghalabu mawazo yetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na mashairi. Chakula hukumbukwa mwishoni, na adabu ya kumwandalia mgeni chakula haikumbukwi kabisa. Jambo hili linastaajabisha, kwa kuwa mtoto wa nchi hii hufundishwa kumnawisha mgeni mikono kabla hajafundishwa kuimba ubeti mmoja. Katika nyumba za Waha, kwetu Buhigwe, Kasulu na Kibondo, mgeni hasalimiwi kwa mkato. Mwenyeji huinama kidogo, hupiga makofi ya taratibu, huuliza hali ya watu wa nyumbani, mvua na mazao, na salamu hiyo yaweza kuchukua muda mrefu. Asiyeijua desturi hii hudhani kwamba wakati unapotea. Aijuaye hutambua kwamba karamu imekwisha kuanza.

Makala haya yanakusudia kuihakiki meza ya hoteli kubwa kwa vipimo vile vile tunavyotumia kuhakiki shairi au tamthilia. Mhakiki wa shairi huuliza maswali matatu: mtunzi ameahidi nini, ametimiza nini, na amemtendeaje msomaji wake. Hoteli nayo huahidi kwa maandishi, hutimiza kwa chakula, na humtendea mgeni kwa mikono na ulimi wa wahudumu wake. Basi na tuipime kwa mizani hiyo.

Miaka michache iliyopita, baada ya kikao cha watunzi wa mashairi jijini Dar es Salaam, sisi watu wanne tulialikwa chakula cha jioni katika hoteli moja ya fahari. Wawili kati yetu tulikuwa wenyeji wa Buhigwe. Sitaitaja hoteli hiyo kwa jina, maana kasoro nitakazozieleza si zake peke yake. Nimekwisha kuziona mahali pengi, na msomaji pia huenda ameziona. Ukumbi ulipendeza mno. Vitambaa vya meza vilikuwa vyeupe kama tui, bilauri ziling'aa, na taa zilipunguzwa mwanga mpaka mtu wa umri wangu akahitaji miwani yake kusoma.

Tuanze na ahadi, yaani orodha ya vyakula. Orodha ile ilikuwa kitabu kizima chenye jalada la ngozi, nayo iliandikwa kwa Kiingereza kilichochanganywa na Kifaransa. Neno la Kiswahili halikuwamo ila jina la hoteli na neno la kumkaribisha mgeni katika ukurasa wa kwanza. Sisi tuliokuwa tumeshinda mchana kutwa tukijadili mizani na vina vya Kiswahili tuliulizana kwa kunong'ona maana ya kila sahani. Sasa, lugha yetu si maskini katika jambo hili. Mpishi wa Kiswahili huchoma, hubanika, hukaanga, huoka, hupaka, huunga na hutokosa, na kila kitenzi kina moto wake na chombo chake. Anayesema samaki wa kupaka amekwisha kumwambia mlaji kwamba kuna nazi na kuna makaa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967, na tangu wakati huo maelfu ya istilahi zimesanifiwa kwa ajili ya sheria, sayansi na ufundi. Iweje basi neno samaki liogope kuketi katika kitabu cha hoteli?

Tuingie katika utimizaji. Mwenzetu mmoja aliagiza samaki wa ziwani, kwa kuwa orodha ilimsifu kwa mistari minne. Tulingoja karibu saa nzima. Samaki alipoletwa alikuwa amefunikwa mchuzi mzito wa maziwa, na chini ya mchuzi huo nyama yake ilikuwa baridi katikati, dalili ya kitu kilichotolewa barafuni kwa haraka na kupitishwa motoni kwa haraka zaidi. Mtu aliyekulia Kigoma, anayejua ladha ya mgebuka uliovuliwa usiku na kubanikwa asubuhi, hawezi kudanganywa na mchuzi. Mchuzi ule ulifanya kazi ambayo maneno makubwa hufanya katika shairi bovu: kuficha kwamba ndani hamna kitu. Wahenga walikwisha kusema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mimi niliagiza ugali, nao ulikuwamo katika orodha kwa jina la kigeni lenye fahari. Uliletwa umefinyangwa kama yai, umeshika ukoko kwa ubaridi, na kando yake mna uma na kisu. Maji ya kunawa hayakuletwa. Hapa pana kosa la elimu, si la mapishi tu. Ugali ni chakula cha moto na cha mkono. Hukatwa tonge, hubonyezwa kwa kidole gumba, huchovywa. Kuuleta baridi na kumpa mlaji uma ni sawa na kuandika utenzi bila mizani kisha kumtaka mghani auimbe. Aliyeupika ugali ule bila shaka alikula ugali mzuri kwao asubuhi ile ile, lakini alipouvusha kizingiti cha ukumbi akauona kuwa ni kitu cha kuonewa haya, kinachofaa kupambwa mpaka usijulikane.

Kahawa ndiyo iliyotusikitisha zaidi. Katika vilima vya Buhigwe hulimwa kahawa ya arabika, na ushirika wa Kanyovu umeijulisha kahawa hiyo ya Kigoma kwa wanunuzi wa ng'ambo. Tulipoagiza kahawa tuliletewa birika la maji yaliyoanza kupoa na vipakiti vya kahawa ya unga. Kahawa ya unga haina dhambi. Kiwanda cha Tanica cha Bukoba kimeitengeneza kwa miaka mingi, nayo ina mahali pake nyumbani na safarini. Lakini katika ukumbi ambamo bei ya sahani moja ingetosha kununua jogoo wawili wazima gulioni kwetu, mgeni ana haki ya kutarajia buni iliyokaangwa na kusagwa. Mbuni humpa mkulima wake mavuno ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi ya palizi na kungoja. Si haki jasho hilo limfikie mlaji wa Ulaya kabla ya kumfikia mlaji wa Dar es Salaam.

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo kubwa. Mhudumu wetu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nadhifu, mwenye tai nyeusi. Alitusemesha kwa Kiingereza tangu mwanzo, ingawa sisi tulimjibu kwa Kiswahili. Hakutoa shikamoo, japo sote tungeweza kumzaa. Hakutazama uso wa mtu. Alipoulizwa habari za samaki alikariri mistari ya orodha neno kwa neno, na alipoambiwa kwamba samaki ni baridi aliomba radhi kwa sentensi ya kukariri, akaondoka, na samaki akabaki pale pale. Wakati huo meza ya jirani, waliyoketi wageni kutoka nchi za nje waliokuja baada yetu, ilikuwa imekwisha kuhudumiwa. Hesabu ya malipo ilipoletwa, gharama ya huduma ilikuwa imejumlishwa humo.

Ingekuwa rahisi kumlaumu kijana yule na kuishia hapo. Lakini uhakiki wa kweli hutafuta chanzo, na chanzo hapa ni cha zamani. Hoteli ya Kaiserhof ilijengwa Dar es Salaam mwaka 1906, wakati wa Wajerumani, na baadaye ikaitwa New Africa. Katika hoteli za enzi hiyo Mwafrika alikuwa mpishi, dobi na boi, hakuwa mgeni. Neno boi lenyewe lina ushahidi: katika Kiingereza maana yake ni mtoto wa kiume, nalo lilitumiwa kumwita mtu mzima mwenye mke na watoto. Huduma basi iliingia katika mahoteli yetu ikiwa imefungamana na kudharauliwa. Aliyehudumu alishusha macho kwa sababu hakuruhusiwa kuyainua.

Uhuru ulipopatikana jambo hili lilifikiriwa. Tarehe 10 Desemba 1962, nchi ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1965 ilifunguliwa Hoteli ya Kilimanjaro, fahari ya taifa changa. Mwaka 1970 ukazuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard, ambao vijana wa TANU wa Chuo Kikuu walishiriki kwa nguvu, kuhusu kama utalii unafaa katika nchi inayojenga ujamaa. Mwaka 1973 mjadala huo ulitolewa kitabu kilichohaririwa na Issa Shivji. Upande mmoja ulihofia kwamba kijana wa Kitanzania angefundishwa upya unyenyekevu wa kitumwa. Upande wa pili ulitetea fedha za kigeni na ajira. Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Hata hivyo, tukitazama leo, twaona kwamba palikuwa na swali ambalo halikupewa uzito wake: je, tutamfundisha kijana huyo ukarimu wa nani? Tulimwondolea unyenyekevu wa boi, na tulifanya vyema. Pengo lililobaki hatukulijaza kwa desturi zetu, bali kwa sentensi za kukariri.

Ushahidi kwamba desturi hizo hazijafa tuliupata jioni ile ile. Kijana aliporudi kuondoa sahani, mwenzangu wa Buhigwe alisoma jina lililobandikwa kifuani mwake, akalitambua kuwa ni la kwetu, akamsalimu: "Mwakeye!" Kijana aliweka sinia mezani, akainama, akapiga makofi mawili ya taratibu, na kwa mara ya kwanza akatutazama usoni. Alikuwa mzaliwa wa Kasulu. Tangu hapo alikuwa mtu mwingine. Alileta maji ya kunawa bila kuombwa. Alimrudisha samaki jikoni na kusimama pale mpaka akaokwa upya. Alitueleza kwa sauti ya chini kwamba ameagizwa kuwasemesha wageni wote kwa Kiingereza, na kwamba yuko kwa miguu tangu alfajiri. "Wazee wangu," akasema, "ningejua kwamba ni ninyi nisingewaacha mkae hivyo."

Wenzangu walifurahi, nami nilifurahi pia, na nilimshukuru. Lakini maneno yake ya mwisho yalinifikirisha kuliko samaki. Angejua kwamba ni sisi! Wale wenzetu wawili, mmoja wa Pemba na mwingine wa Songea, wangekuja peke yao, nani angewaletea maji? Huduma inayongoja undugu wa kabila haitofautiani sana na ile inayongoja rangi ya ngozi au sarafu ya kigeni. Ya kwanza humpendelea jamaa, ya pili humpendelea tajiri. Katika zote mbili mgeni asiyejulikana huachwa na samaki baridi. Na mgeni asiyejulikana ndiye hasa ambaye ukarimu uliwekwa kwa ajili yake. Wazee waliposema mgeni njoo mwenyeji apone, hawakuuliza kwanza mgeni ametoka wapi.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Taifa linahitaji adabu ya mezani isiyotokana na hofu ya bwana wala mapenzi ya ukoo, bali itokanayo na heshima ya mtu kwa mtu. Adabu hiyo haiwezi kuwa ya Kiha peke yake, wala ya pwani peke yake. Yapaswa kukusanya yaliyo mema ya kila mahali na kuyasema kwa Kiswahili, lugha ambayo Mpemba, Mngoni na Muha huitumia bila mmoja wao kuwa mgeni ndani yake. Shikamoo ni yetu sote. Birika na beseni la kunawia ni vyetu sote.

Wapo watakaosema kwamba hoteli kubwa hujengwa kwa ajili ya watalii, na kwamba mtalii hataki ugali. Nawajibu kwa mfano wa mama ntilie. Yeye hana kitambaa cheupe, na jina lake limetokana na mteja anayemwambia mama, nitilie. Lakini hukumbuka kwamba huyu hali pilipili na yule hupenda ukoko, na chakula chake hutoka motoni. Mtalii anayevuka bahari hapungukiwi na nyama choma za kwao. Hupungukiwa na kitu ambacho kwao hakipo. Vyuo vinavyofundisha kazi hii, kama Chuo cha Taifa cha Utalii hapa kwetu, na kile cha Utalii kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1975, vimefundisha vijana wengi namna ya kupanga visu na uma. Somo hilo lina faida, na lisiondolewe. Liongezwe jingine, la kumpokea mtu.

Kwa walimu na wanafunzi wanaosoma makala haya, kazi yaweza kuanza darasani bila gharama. Wanafunzi na waandike orodha ya vyakula vya wilaya yao kwa Kiswahili fasaha: kisamvu kilichoungwa kwa mawese, maharage ya Kasulu, dagaa na migebuka ya Ziwa Tanganyika, kila kimoja na namna kinavyopikwa. Kisha waigize meza ya mgeni, na mgeni awe mtu wa mkoa wa mbali ambaye hakuna amjuaye. Mwalimu asiwapime kwa usafi wa mavazi yao. Awapime kwa muda ambao mgeni huyo atakaa kabla ya kutazamwa usoni, kusalimiwa na kuletewa maji.