Sindano Inayouliza

Upasuaji mwingi humtaka mgonjwa alale fofofo. Huu ninaotaka kuusifu humtaka awe macho na atoe majibu. Unaitwa kodotomi. Hufanyiwa mtu ambaye saratani inamtesa upande mmoja wa mwili, na mofini ama haimfai tena, ama inamtuliza kwa kumlaza kama gogo mchana kutwa. Dawa huja kwanza, na ndivyo inavyopaswa. Tangu Anne Merriman aanzishe Hospice Africa Uganda mwaka 1993, mofini ya kunywa imewastiri wagonjwa wengi kwetu. Sindano ni ya wale wachache ambao chupa imewashinda.

Tuseme maumivu yako kushoto kifuani. Daktari anaingilia kulia, shingoni, chini ya sikio, kwenye mwanya kati ya pingili ya kwanza na ya pili. Hajakosea. Nyuzi za maumivu zikishaingia kwenye ugwe mgongo huvuka upande wa pili, ndipo zikapanda kwenda ubongoni. Mwaka 1905 William Spiller wa Philadelphia alieleza habari za marehemu aliyekuwa amepoteza hisia za maumivu na joto, ambaye uvimbe wa kifua kikuu ulikuwa umeiharibu sehemu ya mbele, pembeni, ya ugwe wake. Ugonjwa ulikuwa umemwonyesha Spiller njia. Mwaka 1912 yeye na mpasuaji Edward Martin wakatangaza kwamba wameikata njia hiyo kwa makusudi. Walilazimika kuufungua mgongo. Sean Mullan wa Chicago alionyesha mwaka 1963 kwamba sindano inatosha, na Yücel Kanpolat wa Ankara akaja kuiongoza kwa picha za CT, mkono ukaacha kupapasa gizani.

Lakini picha haimalizi kazi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia fundi huyu. Ugwe wenyewe hauzidi sana unene wa kidole cha mwisho. Sindano ikiwa bado kwenye maji yanayouzunguka, umeme hupita kwa urahisi. Ikiugusa ugwe, ukinzani hupanda ghafla. Sasa ameingia, ila hajui ameingia chumba gani. Anapitisha umeme kidogo na kuuliza: unahisi nini? Wapi? Mgonjwa akisema joto au ubaridi umemwingia mkono wa kushoto, fundi anajua yuko jirani. Musuli zikirukaruka, amepotea, anarudi nyuma. Namkumbuka fundi redio wa mtaani, sikio kwenye spika, akizungusha kitufe nusu ya nusu mpaka sauti itulie. Ulinganisho huu si wa kubuni sana: joto la kuunguzia nalo hutokana na umeme wa masafa ya redio. Tofauti ni kwamba hapa redio ndiyo inayomwambia fundi asimame.

Akiridhika, anaunguza. Nyuzijoto 70 hadi 80, kama dakika moja. Wakati huo anamwambia mgonjwa ainue mguu wa kulia, auweke hewani, kwa sababu nyuzi za nguvu za mguu huo ziko hatua chache tu nyuma. Mguu ukilegea, moto unazimwa papo hapo. Nyuzi za pumzi nazo ziko karibu. Ndiyo maana kufanya pande zote mbili kunaogopwa, mtu asije akasahau kuhema usingizini.

Kisha anachukua pini, anachoma kifua cha kushoto. Mgonjwa anasema ameguswa, hakuumia. Hisia ya mguso husafiri kwa njia nyingine, ya nyuma ya ugwe, ambayo haikuguswa. Mkewe akimshika mkono, anajua ameshikwa. Wengi huondoka mezani maumivu yakiwa yamekwisha saa ileile.

Uvimbe uko palepale, na hakuna aliyemdanganya kwamba utaondoka. Hilo nalo nalihesabu katika ustadi. Nafuu yenyewe aghalabu hufifia baada ya mwaka mmoja au miwili, na ndiyo sababu huchaguliwa wale ambao siku zao zilizobaki ni chache kuliko hizo.

Kwa kuwa joto na maumivu husafiri pamoja, kabla hajaruhusiwa hupewa onyo moja: maji ya kuoga ayapime kwa mkono wa kulia.