Chozi la Kutu: Namna ya Kuikagua Sakafu ya Lori Iliyochomelewa

Siku ya gulio, Mabamba mkoani Kigoma, Fuso moja iliegeshwa kando ya barabara iendayo mpaka wa Burundi, sakafu ya bodi ikiwa imetoka kwa fundi juzi tu. Watu walikuwa wameizunguka. Rangi ya fedha iling'aa juani, mishono yote ilisagwa kwa grenda hadi kiganja kikipita hakihisi kitu, na mwenye gari alipokea pongezi kama bwana harusi. "Hiyo ndiyo kazi," walisema, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini ya bodi.

Sifa za namna hii ndizo zinazoharibu ufundi. Fundi aliyesaga mshono ukawa laini kama meza anasifiwa, na yule aliyeshinda siku mbili akikata bati lililooza anaambiwa ni mzembe, kazi yake ina makovu. Grenda na rangi vimekuwa kipimo cha weldingi, ilhali vyote viwili hufika baada ya weldingi kwisha.

Lori la ukanda huu lina maadui wawili, mvua na chumvi. Mvua inaeleweka: huanza Oktoba au Novemba, na huendelea hadi karibu na Mei. Chumvi ni habari nyingine. Uvinza, mkoa huohuo wa Kigoma, maji ya chemchemi yamekuwa yakichemshwa kupata chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000, na magunia yake husafiri kwa malori kupanda Kasulu na Kibondo. Gunia likichanika njiani, chembe huingia chini ya bati na kutulia. Unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, chumvi huanza kuyavuta maji kutoka hewani yenyewe, bila tone la mvua kudondoka. Ongeza dagaa wa Kigoma waliotiwa chumvi, kisha lori lioshwe kwa ndoo mbili za maji na kuachwa hivyo hivyo. Sakafu hiyo inaliwa usiku na mchana.

Mtazamaji huangalia katikati ya bati, pale makuli wanapotupia mizigo, kwa sababu ndipo tundu linapoonekana. Kutu haikuanzia hapo. Ilianzia pale bati linapolalia krosimemba, zile boriti za chuma zinazokatiza chini ya bodi. Vyuma viwili vimelaliana, nafasi iliyopo kati yake ni nyembamba kuliko ukucha, maji yakiingia hayatoki. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, hivyo ikizaliwa mahali pa kubana hutafuta pa kwenda: huinua bati, hukata bolti, hupasua mshono. Fundi anayebandika kiraka juu ya bati bovu ametengeneza nafasi nyingine ya aina ileile, safari hii imefungwa pande zote nne. Maji yataingia kwenye kijitundu kimoja cha mshono na kukaa humo hadi kiangazi.

Ndiyo maana dalili ya kutafuta iko chini ya bodi, na wenye kazi yao huiita chozi.

Lala chali chini ya lori baada ya mvua mbili tatu, ukiwa na tochi. Angalia ubavu wa kila krosimemba, hasa ya pili na ya tatu kutoka nyuma, kwa sababu lori likisimama likielekea juu kwenye vilima vya Kibondo maji hukimbilia huko. Kazi mbovu itakuonyesha mstari mwembamba kama uzi, unaoanzia pale bati linapokutana na krosimemba, unaoteremka na kuishia kwenye doa mviringo. Ukiwa na rangi ya chungwa, maji yanapita hadi leo. Ukiwa na rangi ya chai iliyokolea, karibu nyeusi, ni jeraha la zamani ambalo huenda limeshakauka. Ugumu ni kwamba udongo wa huku ni mwekundu, na tope lililorushwa na matairi hufanana na kutu machoni pa mgeni. Lowesha kitambaa ufute. Tope linatoka lote. Chozi linabaki kwenye vinyweleo vya chuma, na ukilikwaruza kwa ukucha linaacha unga. Kisha tazama linakoanzia: likiwa upande mmoja wa krosimemba, mshono mmoja unavuja. Likiwa pande zote mbili, maji yanavuka juu ya krosimemba chini ya bati, na kiraka chote hakina maana hata kama juu yake pamenyooka kama kioo.

Mzee mmoja wa Kasulu, aliyefanya kazi miaka ile malori ya misaada yalipofurika barabara za mkoa baada ya wakimbizi wa Burundi kuingia mwaka 1993, hakukabidhi sakafu bila ndoo. Akimaliza kuchomelea, kabla ya rangi, alimwaga maji juu ya bodi, akatandika gunia chini ya lori na kulala hapo kama robo saa. Mteja mwenye haraka alimwuliza, "Mzee wangu, rangi unapaka saa ngapi?" Akajibiwa kutoka uvunguni: "Rangi baadaye, baba. Kwanza tuone kama linalia."

Baada ya chozi, nyundo. Nyundo ndogo ya nusu kilo inatosha. Gonga kutoka chini, hatua kwa hatua, ukisikiliza. Bati zima hulia kama kengele, lililooza husema *pu*. Sauti ikibadilika sentimita tano nje ya kiraka, fundi aliacha kukata mapema mno: alichomelea chuma kizima kwenye chuma kinachokufa, na ufa utatokea pembeni mwa mshono wake. Kanuni ni kukata hadi ufikie chuma cheupe, kisha uongeze upana wa vidole viwili. Kiraka kianzie juu ya krosimemba na kiishie juu ya krosimemba. Kinachoning'inia katikati ni kazi ya kuombea safari moja. Kikae ndani ya tundu, kisawa na bati la zamani, wala kisipande juu yake kama kiraka cha suruali.

Na kona zake ziwe za mviringo. Hili halina mjadala. Kona kali hukusanya nguvu zote za mtikisiko mahali pamoja, na ufa huanzia hapo. Wamarekani walijifunza hivyo kwa gharama wakati wa Vita Kuu ya Pili. Meli zao za Liberty, zilizochomelewa badala ya kupigwa ripiti, zilipasuka mara nyingi kuanzia kwenye kona za mraba za milango ya shehena, na mafundi wakalazimika kuziviringa. Mbali na hizo, Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady ilikatika karibu vipande viwili ikiwa imetulia bandarini Portland. Lawama zikaangukia chuma chenye ubovu na mishono mibaya. Ikiwa meli iliyotulia majini hukatika, Fuso iliyobeba tani kumi kwenye makorongo haina pa kujificha.

Rodi haihitaji maneno mengi. Kwa bati la milimita 3, 6013 ya milimita 2.5. Anayekuja na 3.2 anataka kumaliza mapema, na atatoboa. 7018 ni rodi nzuri kwa chuma kizito, lakini inataka ukavu, na boksi lililofunguliwa tangu masika yaliyopita, likakaa kwenye kona ya karakana yenye sakafu ya udongo, litatoa mshono wenye vitundu. Bati lishikizwe kwa spoti kwanza, kisha mshono uende kwa kurukaruka ili lisipinde. Betri ifunguliwe, waya wa ethi ubanwe karibu na mahali pa kuchomelea, na chesi isiguswe kwa rodi kabisa. Mwenye kuchomelea kiti cha krosimemba kwenye chesi badala ya kufunga u-bolti aondolewe kwenye gereji.

Wadanganyifu wana mbinu zao. Wengine hujaza puti kwenye tundu na kupaka fedha juu. Wengine hukata bati la kuezekea, na zinki yake ikiungua humpa fundi homa na kutetemeka usiku ule, malipo ya haki kabisa. Mbinu mbaya kuliko zote ni kulaza kipande cha rodi au nondo kwenye uwazi kati ya kiraka na bati, kisha kupitisha mshono juu yake. Kwa macho umejaa. Ndani nondo imekaa peke yake kama jiwe mfukoni. Mshono mpana kuliko kidole gumba pasipo sababu, uliosagwa ukawa laini, uutilie shaka papo hapo. Mshono wa fundi mwenye kujiamini huachwa na magamba yake madogo yaliyolaliana, ukapigwa brashi ya waya na redi oksaidi kavu. Rangi ya fedha kwenye sakafu ya lori ni rangi ya kuficha.

Kulikuwa na wakati ambapo kujaza nondo kusingewezekana kirahisi. Kabla mkoa haujaunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2022, umeme wa Kibondo na Kasulu ulitoka kwenye majenereta ya dizeli, na mafundi wengi wa nyumbani, wenye mashine za kusuka wenyewe, walijinunulia lita zao za dizeli. Kila dakika ya moto ilikuwa na bei. Kwa hiyo walikata kwanza, wakapiga tupa, wakajaribisha kiraka tunduni mara nne, mara tano, hadi mwanga usipenye pembeni, ndipo wakawasha. Sasa umeme upo, rodi ziko dukani, na uwazi wa sentimita moja hujazwa na moto.

Mwenye lori, usilipe pesa yote siku ya kukabidhiwa. Bakiza sehemu, na mkubaliane mbele ya shahidi kwamba utaimalizia baada ya mvua ya tatu, mkiwa wote wawili uvunguni na tochi. Fundi mzuri atakubali bila kufikiri. Ile Fuso ya Mabamba iliondoka jioni ileile kwenda Kasulu, na kwenye krosimemba yake ya pili kutoka nyuma, chini ya rangi mpya, chozi la rangi ya chungwa lilikuwa limeshafika nusu ya ubavu.