Mshenzi Mwizi wa Matabaka Mawili: Istilahi Zinapokutana

Utangulizi

Mapema mwaka huu uliletwa mezani kwangu mswada wa tafsiri wenye kurasa 14. Miswada ya namna hii kwa kawaida huwa ya sheria, ya dawa au ya mitambo. Huu ulikuwa wa mchezo. Mfasiri, ambaye sitamtaja kwa kuwa kosa lake ni kosa letu sote, alikuwa amefasiri sehemu ya kanuni za mchezo wa kuigiza wahusika mezani uitwao Dungeons & Dragons. Katika ukurasa wa tisa nilikuta kichwa hiki: "Mshenzi Mwizi wa Matabaka Mawili". Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu hapana neno hata moja katika fungu hilo lililobuniwa ovyo. Yote yametoka katika kamusi, na kamusi zenyewe ni zile tunazowahimiza walimu wazitumie.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kosa hilo lilizaliwaje na lingeepukwaje. Hoja yangu ni moja: ubora wa istilahi haujulikani istilahi ikiwa peke yake, bali hujulikana inapokutana na nyingine katika sentensi moja na kutakiwa kufanya kazi pamoja nayo.

Mchezo wenyewe

Yafaa kwanza kumweleza msomaji asiyeujua mchezo huu. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi kuzunguka meza. Mmoja wao ni msimulizi, ambaye hueleza mahali walipo na yanayowatokea. Wengine, kila mmoja humwendesha mhusika wake. Mchezaji husema mhusika wake anatenda nini, na penye shaka hutupwa dadu la pande 20, kanuni zikaamua. Kila mhusika ana alama za nguvu, za wepesi, za akili na kadhalika. Aidha ana kile ambacho Waingereza hukiita "class", yaani kazi aliyojifunza, ambayo humpa uwezo mpya kadiri anavyopanda kutoka ngazi ya 1 hadi ya 20. Mchezaji hafungwi na kazi moja. Akitimiza masharti anaweza kupanda ngazi 5 katika kazi moja na 3 katika nyingine, akawa mhusika wa ngazi ya 8.

Suala la tafsiri hapa si la mzaha. Mwezi Januari 2023 wenye mchezo, kampuni ya Wizards of the Coast, waliitoa hati ya kanuni za msingi chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuinakili na kuifasiri, maadamu ataje chanzo. Kwa hiyo hapana wa kumzuia mfasiri wa Kiswahili, wala hapana wa kumsahihisha. Tafsiri ya kwanza itakayoenea ndiyo itakayoweka maneno vinywani mwa vijana, nasi sote tunajua jinsi ilivyo kazi kung'oa neno lililokwisha kuota mizizi.

Tabaka au fani?

Kiingereza hutumia neno "class" kwa wanafunzi wa chumba kimoja, kwa watu wa hali moja ya uchumi, kwa mafungu ya nomino na kwa behewa la treni. Kiswahili kimekwisha kuyatenga: darasa, tabaka, ngeli, daraja. Huo ni utajiri wetu, lakini humtaka mfasiri achague kwa maana, si kwa kamusi.

Mfasiri wetu alichagua tabaka. Msomaji wa Tanzania aliyelelewa na maandishi ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hawezi kulisikia neno hilo asiwaze wanyonyaji na wanyonywaji. Kwake, mtu wa matabaka mawili ni yule anayepokea mshahara wa mfanyakazi huku akikusanya kodi ya nyumba za kupangisha, jambo ambalo Azimio lilimkataza kiongozi. Zaidi ya hayo, mtu huzaliwa ndani ya tabaka au hutupwa humo na uchumi, lakini katika mchezo mchezaji huchagua, na mhusika hujifunza. Neno linalobeba kuchagua na kujifunza ni fani.

Mshenzi au mwanamori?

Neno "barbarian" lina asili ya Kiyunani. Wayunani wa kale walimwita hivyo mtu ambaye usemi wake waliusikia kama "bar-bar" tu. Kamusi za lugha mbili zimelilinganisha na mshenzi, na ulinganisho huo una haki kwa kiasi chake: maneno yote mawili ni majina ambayo mwenyeji humpa mgeni anayemdharau. Lakini njia zao zimeachana. Kwa Mwingereza wa leo neno hilo limekwisha kuwa la mbali; hadithi za kusisimua zimelifanya jina la shujaa, wala hapana mtu mtaani anayejiona ametukanwa.

Mshenzi lingali tusi, na tusi lenye historia. Katika pwani yetu ya karne ya 19 waungwana waliwaita washenzi watu wa bara, na wengi wa walioitwa hivyo walifika pwani wakiwa katika minyororo. Wajukuu wa watu hao ndio wengi wa wanaosema Kiswahili leo, kutoka Tabora na Ujiji hadi Lubumbashi. Tukiwapa neno hilo kama jina la kazi ya kujivunia, tutakuwa tumewataka wavae nguo waliyovuliwa babu zao.

Mfasiri angeweza kujitetea kwa kanuni zenyewe. Katika toleo la mwaka 2003 mhusika wa fani hii ndiye pekee aliyeanza bila kujua kusoma na kuandika. Alipopata ngazi moja tu katika fani nyingine yoyote, hata ile ya wezi, alijua kusoma papo hapo. Walimu wa elimu ya watu wazima, ambao mwaka 1970 uliwekwa kuwa wao nchini Tanzania, wangalitamani wanafunzi wa namna hiyo! Hata hivyo sharti hilo halimo katika toleo la mwaka 2014, na jina limebaki. Kwa hiyo kutojua kusoma hakukuwa kiini cha fani. Kiini kilichodumu ni ghadhabu ya vita, yenye kipimo: katika toleo hilo la 2014 hudumu dakika moja, huongeza madhara ya mapigo ya nguvu, hupunguza kwa nusu madhara ya kupondwa, kuchomwa na kukatwa, na humzuia mwenyewe kufanya uganga.

Kiswahili kina neno la hali hiyo. Hasira humpata mtu yeyote. Hamaki huja na kupita. Ghadhabu twaihusisha zaidi na wakuu na Mwenyezi Mungu. Lakini anayeingia vitani akabadilika, asisikie maumivu, tunasema amepandwa na mori. Mori humpanda mtu kisha humtoka, kama kanuni inavyotaka. Basi mwenye fani hiyo na aitwe mwanamori, kwa mfano wa mwanajeshi na mwanamichezo.

Mwizi, ayari au mjanja?

Fani ya pili haikuwamo katika mchezo wa mwaka 1974. Iliongezwa mwaka 1975 kwa jina lenye maana ya mwizi hasa. Katika toleo la mwaka 2000 wenye mchezo wenyewe waliliacha jina hilo wakachukua "rogue", kwa kuwa mtu wa fani hii hupeleleza, hutegua mitego, hufungua kufuli na hushawishi kwa maneno, hata kama maisha yake yote hajaiba kitu. Mfasiri wetu, kwa kuandika mwizi, ameurudisha mchezo nyuma miaka 25.

Jambazi halifai, magazeti yameliambatanisha na bunduki. Tapeli hudanganya kwa maneno tu. Linalobaki ni shindano la maneno mawili. La kwanza ni ayari, neno lililotufikia kutoka Uajemi na Uarabuni. Huko ayari walikuwa vikundi vya vijana wa mijini, mara walinzi, mara wanyang'anyi, na katika karne ya 9 Ya'qub bin al-Layth wa Sistan alitoka miongoni mwao akaanzisha dola. Ni neno zuri, ila kwetu wachache walijuao hulijua kwa maana ya laghai. La pili ni mjanja, ambalo kila mtoto aliyesikia hadithi za sungura analijua: mdogo anayemshinda mkubwa kwa akili. Napendekeza mjanja.

Fani mbili katika mtu mmoja

Hapa ndipo penye jaribio. Mtu aweza kudhani kwamba kumuunganisha mwanamori na mjanja ni mzaha wa wachezaji. Sivyo. Conan, shujaa wa hadithi za Robert E. Howard zilizoanza kuchapishwa mwaka 1932, ni mtu wa nyika ambaye ujana wake ulikuwa wa wizi. Fafhrd wa hadithi za Fritz Leiber, zilizoanza mwaka 1939, ni jitu la kaskazini ambalo riziki yake ni kuiba mjini. Katika hadithi mtu huyo alikuwa mmoja. Mchezo ulimgawa akawa fani mbili, na wachezaji humuunga tena.

Tazama sasa kanuni za mwaka 2014 zinavyofanya kazi. Chukua mhusika mwenye ngazi 5 za mori na 3 za ujanja, mkononi ana kitara. Tangu ngazi ya 2 ya mori anaweza kushambulia bila kujihadhari: hutupa dadu mara mbili akachukua namba kubwa, na maadui hupata upendeleo huo huo dhidi yake hadi zamu yake ijayo. Sharti ni kwamba shambulio litumie nguvu. Ujanja nao, kwa ngazi ya 3, humwongezea madhara ya dadu mbili za pande 6, mara moja katika zamu, maadamu ana upendeleo na silaha yake ni ya kulenga mbali au ya aina iitwayo "finesse". Kitara ni cha aina hiyo. Basi mtu huyu hunguruma hadharani, kifua wazi, na papo hapo pigo lake hupenya kama la mpelelezi. Mori humfungulia ujanja mlango. Uzuri wote wa muungano huu umo hapo.

Katika mswada, uzuri huo umeuawa mara mbili. Kwanza, silaha hiyo imeelezwa kuwa "silaha ya wepesi, inayotumia wepesi badala ya nguvu". Kanuni haisemi hivyo. Husema mtumiaji achague mwenyewe, nguvu au wepesi. Kwa maneno ya mswada, kitara hakiwezi kupigwa kwa nguvu; kwa hiyo hapana shambulio la kutojihadhari wala nyongeza ya mori. Napendekeza silaha ya ustadi. Pili, pigo la mjanja limeitwa "shambulio la kuvizia". Msimulizi asomaye hivyo atamuuliza mchezaji: mtu anayenguruma amevizia wapi? Atamkatalia, naye atakuwa ametii Kiswahili na kuvunja kanuni. Kosa hili lilianzia katika Kiingereza chenyewe, ambacho jina lake hudokeza kunyatia, ilhali kanuni huridhika hata na rafiki aliye karibu na adui. Mfasiri hakulazimika kulirithi. Liitwe pigo la upenyo.

Hata kitenzi cha kuunganisha kina neno lake. Mswada una "kuchanganya", kama maji na maziwa. Lakini fani hizi hazichanganyiki. Kila moja hubaki na ngazi zake, kama nyuzi mbili za kamba moja. Tuseme kuunganisha fani.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema tukope tu: babariani na rogi. La kwanza halimwambii msikilizaji kitu. La pili litamwambia uongo, maana masikioni mwetu linakaa karibu na kuroga, na mchezo huu tayari una wachawi wa kutosha. Wapo pia watakaosema kwamba kulainisha mshenzi ni kuisaliti asili. Nawajibu kwamba hata wenye mchezo hupima maneno yao: katika toleo la mwaka 2024 waliacha neno la mbari za binadamu wakachukua neno la spishi, kwa kuwa la kwanza lilibeba mzigo usiotakiwa.

Hitimisho

Jaribio hili halihusu mchezo peke yake. Neno nguvu lilimtosha mwalimu wa sayansi kwa dhana nyingi, kila moja ikiwa na somo lake. Siku dhana hizo zilipokutana katika sentensi moja, sentensi ilianguka, na ndipo kani na nishati zikawa lazima. Mtumishi wa serikali anayeandaa waraka, na mwalimu anayeandaa somo, watende vivyo hivyo: wachukue istilahi mbili mpya, waziweke katika kanuni moja, na wamwombe mtu asiyejua Kiingereza aitekeleze. Akikosea, kosa si lake.

Mswada nimeurudisha pamoja na mapendekezo haya: fani, ngazi, mori, mwanamori, mjanja, silaha ya ustadi, pigo la upenyo, kuunganisha fani. Mfasiri ameyakubali yote isipokuwa moja. Anataka ayari badala ya mjanja, kwa hoja kwamba neno lisilojulikana sana ndilo lililo tayari kupewa maana mpya, ilhali mjanja kila mtu amekwisha kumjua nyumbani kwake. Ni hoja nzito, nami sina jibu la kuimaliza. Wasomaji wenye maoni wanaombwa wayalete.